Juan Manuel Fangio: Bingwa Aliyeyajua Madeni Yake

Vijana wanaofuatilia mbio za langalanga siku hizi hutaja haraka majina ya Lewis Hamilton na Max Verstappen. Wenye umri mkubwa kidogo humkumbuka Michael Schumacher. Kabla ya hao wote alikuwapo fundi gereji mmoja wa Argentina, mtu mfupi, mwenye matege na mpole wa sauti, aliyetwaa ubingwa wa dunia mara tano kati ya mwaka 1951 na 1957. Rekodi hiyo ilidumu hadi mwaka 2003, Schumacher alipoivunja. Jina la fundi huyo ni Juan Manuel Fangio.

Dereva wa mbio huketi peke yake kwenye gari, na akishinda, jina linaloandikwa ni lake peke yake. Ni rahisi basi kudhani kwamba ushindi nao ni wake peke yake. Maisha ya Fangio yanatuonyesha jambo jingine. Karibu kila alipofikia kona ngumu, palikuwa na mkono wa mtu mwingine, na mwenyewe alilijua hilo vizuri.

Mtoto wa mwashi

Fangio alizaliwa tarehe 24 Juni 1911, siku Kanisa linapoadhimisha kuzaliwa kwa Yohane Mbatizaji. Juan ndilo Yohane kwa Kihispania. Wazazi wake, Loreto na Herminia, walikuwa na asili ya Abruzzo nchini Italia, kama zilivyokuwa familia nyingi zilizovuka bahari wakati ule kutafuta maisha Argentina. Baba alikuwa mwashi. Waliishi Balcarce, mji mdogo wa wakulima wa viazi kusini mwa Buenos Aires, na Juan alikuwa mtoto wa nne kati ya sita.

Utotoni alipenda mpira wa miguu kuliko kitu kingine. Kutokana na miguu yake wenzake wakamwita El Chueco, yaani Matege, na jina hilo hakuliacha hata alipokuwa bingwa wa dunia. Shule aliiacha akiwa na umri wa miaka 13 hivi, akaingia gereji kuwa mwanagenzi. Alifagia sakafu, akaosha vipuri kwa mafuta, akapeleka spana kwa wakubwa. Injini aliijua kwanza kwa vidole na kwa masikio. Baadaye madereva wengi walikuwa watoto wa matajiri walioletewa magari yaliyokwisha tengenezwa. Fangio aliliendesha gari kama mtu anayejua maumivu ya kila chuma kilichomo ndani yake.

Akiwa na miaka 16 alishikwa na kichomi kikali, na ikadhaniwa hatapona. Wakati huo dawa za kuua bakteria kama penisilini zilikuwa bado hazijafika kwa wagonjwa. Mama yake alimuuguza kitandani muda mrefu hadi akasimama tena. Hilo ndilo deni lake la kwanza.

Alipofika miaka 21 akaitwa jeshini kwa mujibu wa sheria. Huko kamanda wake aliona jinsi kijana huyu anavyoshika usukani, akamfanya dereva wake. Aliporudi Balcarce alifungua gereji pamoja na rafiki zake.

Mchango wa mji mzima

Mwaka 1936 alijitosa katika mashindano kwa gari aina ya Ford lililokuwa likitumika kama teksi. Hakutumia jina lake. Alijiandikisha kama Rivadavia. Injini ilikufa kabla ya mwisho. Huo ndio mwanzo wa bingwa: jina la bandia, teksi ya kuazima na mbio zisizomalizika.

Mashindano ya Argentina ya siku zile yalikuwa ya barabara ndefu za vumbi, kutoka mji hadi mji, kwa siku nyingi. Msomaji aliyewahi kusimama kando ya njia kuitazama Safari Rally anaweza kupata picha. Gari zuri lilihitaji fedha ambazo mtoto wa mwashi hakuwa nazo. Ndipo watu wa Balcarce walipofanya kile ambacho sisi katika jumuiya zetu tunakijua sana: walichangishana. Mwenye duka alitoa, mkulima wa viazi alitoa, rafiki wa gereji alitoa, hadi likapatikana gari.

Mwaka 1940 Fangio aliingia katika mbio za kutoka Buenos Aires hadi Lima nchini Peru na kurudi, mwendo wa takriban kilomita 9,500 kupitia milima ya Andes, mahali ambapo hewa ni nyembamba hata injini hupungukiwa pumzi. Kwa zaidi ya wiki mbili aliendesha mchana, na usiku alilitengeneza gari. Akashinda. Mwaka huo na uliofuata akawa bingwa wa taifa wa mbio za barabarani. Kisha Vita vya Pili vya Dunia vikasababisha uhaba wa matairi na mafuta, mashindano yakasimamishwa, naye akarudi kwenye biashara yake akiwa na miaka 31. Kwa hesabu za wengi, siku zake nzuri zilikuwa zimepita.

Usiku wa ukungu Peru

Oktoba 1948 zilifanyika mbio ndefu kuliko zote, kutoka Buenos Aires hadi Caracas, Venezuela. Pembeni mwa Fangio aliketi rafiki yake Daniel Urrutia, msaidizi wake wa njiani. Usiku, kwenye ukungu, karibu na Huanchaco nchini Peru, gari liliikosa kona likabiringika. Urrutia alirushwa nje.

Katika mbio kama hizo kila dakika ina thamani. Hata hivyo mshindani wao mmoja, Eusebio Marcilla, alisimama. Aliwapakia majeruhi kwenye gari lake akawapeleka hospitali, huku wengine wakimpita. Urrutia alifariki. Fangio alipona. Marcilla alirudi barabarani, na mwisho wa mbio akawa wa pili. Hakupata kombe la kwanza, lakini watu wa Argentina walimpa jina ambalo hakuna kombe linaloweza kulinunua: Muungwana wa Barabarani. Msomaji wa Injili hahitaji kuelezwa jina hilo linatukumbusha safari gani ya kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko.

Fangio alikaa na majonzi mazito, akafikiri kuacha mbio kabisa. Rafiki amekufa katika gari aliloliendesha yeye. Alirudi, lakini kuanzia hapo alijua kwa mwili wake kwamba usukani unaweza kugharimu maisha ya mtu mwingine.

Mzee kati ya vijana

Mwaka uliofuata Chama cha Magari cha Argentina, kwa kuungwa mkono na serikali ya Juan Perón, kilimpeleka Ulaya. Alikuwa anakaribia miaka 38. Akashinda San Remo, Pau na Perpignan, na Wazungu waliomwona kama mgeni wa kupita wakaanza kuuliza habari zake.

Mwaka 1950 yalianzishwa mashindano ya ubingwa wa dunia, na kampuni ya Alfa Romeo ikamchukua. Kisa cha Monaco mwaka huo kinafaa kusimuliwa. Katika mzunguko wa kwanza, maji ya bahari yaliyorushwa na mawimbi yalifanya njia iteleze, na karibu nusu ya magari yakagongana kwenye kona moja. Fangio alikuwa ameshapita, yuko mbele, hajui lolote. Alipoikaribia tena kona hiyo kwa kasi aliona jambo la ajabu: watazamaji hawakumtazama yeye anayeongoza, bali wamegeuza nyuso kutazama mbele zaidi. Akaelewa papo hapo kwamba kuna kitu huko. Akafunga breki, akapenya polepole kati ya magari yaliyovunjika, akashinda mbio. Mtu mwenye kiburi angeudhika kwamba watu hawamtazami. Yeye alijiuliza wanatazama nini.

Ubingwa wa kwanza aliupata mwaka 1951, akiwa na miaka 40. Mwaka uliofuata alikosea, na kosa lake lilikuwa la kawaida kwetu sote: kukubali kazi nyingi kuliko nguvu. Tarehe 7 Juni 1952 alishindana Ireland ya Kaskazini, na kesho yake alitakiwa Monza, Italia. Akakosa ndege ya kumfikisha huko, akaendesha gari usiku kucha kutoka Paris kuvuka milima ya Alps, akafika nusu saa kabla ya mbio kuanza. Katika mzunguko wa pili, mwili uliochoka ukachelewa kidogo tu kwenye kona. Gari likamtupa nje, akavunjika mfupa wa shingo. Mwaka wote uliobaki hakushindana, na shingo yake haikurudi kuwa kama zamani. Alikiri kwamba uchovu ndio uliomwangusha, asilaumu gari wala njia.

Mikono iliyomfikisha

Kuanzia 1954 hadi 1957 alitwaa ubingwa mara nne mfululizo: akianzia Maserati na kumalizia na Mercedes, kisha Mercedes tena, kisha Ferrari, kisha Maserati. Ukiongeza Alfa Romeo, alikuwa bingwa na makampuni manne, jambo ambalo hadi leo hakuna mwingine aliyelifanya. Alishinda mashindano 24 kati ya 51 aliyoanza, karibu nusu.

Lakini miaka hiyo ya utukufu ilikuwa pia miaka ya mazishi. Magari hayakuwa na mikanda, na kofia hazikuwa na ulinzi wa maana. Mwaka 1954, Onofre Marimón, kijana wa Argentina ambaye Fangio alimlea kama mdogo wake, alikufa katika mazoezi huko Nürburgring, Ujerumani. Fangio alilia hadharani. Kesho yake akashinda mbio zilezile, na furaha haikuwapo.

Mwaka 1955 katika mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, Mfaransa Pierre Levegh alikuwa mbele yake kidogo walipolikuta gari lililogeuza njia ghafla. Gari la Levegh lilipaa likaingia kwenye umati. Zaidi ya watu 80 walikufa, na Levegh mwenyewe pamoja nao. Fangio alipita katikati ya moshi bila jeraha. Hadi mwisho wa maisha yake alishikilia kwamba Levegh, sekunde chache kabla ya kufa, aliinua mkono kumpa ishara, na kwamba mkono huo ndio uliomwokoa.

Mwaka 1956 pale Monza, gari lake liliharibika usukani katika mbio za mwisho za ubingwa. Sheria za wakati huo ziliruhusu dereva kumwachia mwenzake gari. Peter Collins, Mwingereza wa miaka 24, alikuwa timu moja naye, na yeye mwenyewe bado alikuwa na nafasi ya kuwa bingwa wa dunia. Aliposimama kubadilisha matairi alimwona mzee amesimama bila gari. Akashuka, akampa lake. Alifikiri kwamba yeye bado kijana, na miaka ya kushinda ipo. Fangio akamaliza wa pili na kuwa bingwa mara ya nne. Miaka haikuwapo: Collins alikufa mbioni Agosti 1958, kabla ya kutimiza miaka 27, bila kuupata ubingwa.

Siku aliyopita mpaka wake

Tarehe 4 Agosti 1957, Fangio akiwa na miaka 46, zilifanyika mbio ambazo wengi huzihesabu kuwa kubwa kuliko zote alizoendesha. Ilikuwa tena Nürburgring, mizunguko 22, kila mmoja kilomita 22.8 zenye kona zaidi ya 170 kati ya misitu na vilima. Alianza na mafuta nusu tangi ili gari liwe jepesi, akipanga kusimama mara moja. Aliposimama, mafundi walichelewa. Nati moja ya gurudumu ilibiringika chini ya gari. Alirudi njiani akiwa wa tatu, zaidi ya sekunde 40 nyuma ya Waingereza wawili wa Ferrari, Collins yuleyule na Mike Hawthorn.

Akaanza kuwafukuza. Siku hiyo alivunja rekodi ya mzunguko mara tisa, saba kati ya hizo mfululizo. Kona alizozoea kupita kwa gia ya chini alizipita kwa gia ya juu. Katika mzunguko wa kabla ya mwisho aliwapita wote wawili, akashinda kwa sekunde 3.6 na kuwa bingwa mara ya tano. Vijana aliowashinda walimkumbatia wakicheka kama watoto waliomwona babu yao akicheza ngoma.

Dunia ilishangilia, lakini yeye aliogopa. Alikiri baadaye kwamba hakuwahi kuendesha namna ile na hakutaka kuendesha hivyo tena, na kwamba usingizi ulimkimbia kwa siku mbili. Alikuwa ameuvuka mpaka ambao maisha yake yote alikuwa ameuheshimu. Hizo zilikuwa mbio za mwisho za ubingwa wa dunia alizoshinda.

Kujua kuacha

Februari 1958 alikwenda Havana, Kuba, ambako utawala wa Fulgencio Batista uliandaa mashindano. Jioni ya tarehe 23 kijana mwenye bastola alimfuata kwenye hoteli akamteka nyara. Alikuwa mfuasi wa Fidel Castro. Waasi walitaka dunia itambue kwamba Batista haitawali nchi kwa amani. Siku iliyofuata mbio ziliendelea bila Fangio, na gari moja likaacha njia likaua watazamaji. Usiku waasi walimkabidhi salama kwa ubalozi wa Argentina. Alieleza kwamba walimtendea vizuri, wala hakuwawekea kinyongo.

Tarehe 6 Julai 1958 alishindana Reims, Ufaransa, mahali ambapo miaka kumi kabla alikuwa ameanza mbio zake za Ulaya. Katika mbio hizo Luigi Musso, Mwitaliano aliyewahi kuwa naye timu moja, alipata ajali na kufa. Gari la Fangio lilikuwa na hitilafu, akawa nyuma. Hawthorn, aliyeongoza, alimfikia karibu na mwisho na angeweza kumzidi mzunguko mzima. Hakufanya hivyo. Alipunguza mwendo, akamwacha mzee avuke mstari mbele yake, kwa sababu hakuona kuwa ni haki bingwa kama huyo amalize kwa kupitwa hivyo. Fangio akawa wa nne. Akashuka kwenye gari, na hakurudi tena kwenye mbio za ubingwa wa dunia.

Hakusubiri kufukuzwa, wala kusubiri jeneza. Mwezi uliofuata Collins alikufa, na Januari 1959 Hawthorn akafa katika ajali ya barabarani. Wale vijana watatu wa Ferrari walitangulia wote. Mzee aliishi miaka 37 zaidi, akiuza magari ya Mercedes nchini kwake, na mwaka 1974 akawa mwenyekiti wa kampuni hiyo Argentina. Mwaka 1986 lilifunguliwa jumba la makumbusho Balcarce, na vikombe vyake vikawekwa humo. Mji uliomchangia gari ulirudishiwa mavuno ya mchango wake.

Alifariki Buenos Aires tarehe 17 Julai 1995, akiwa na miaka 84, akazikwa Balcarce. Miongoni mwa waliobeba jeneza lake alikuwamo Stirling Moss, Mwingereza aliyekuwa naye Mercedes, ambaye alimheshimu kama mwalimu.

Deni lililobaki

Tungeishia hapa tungekuwa tumeandika sifa tu. Fangio hakufunga ndoa. Miaka 20 baada ya kifo chake, mwaka 2015, kaburi lake lilifunguliwa kwa amri ya mahakama, na vipimo vya DNA vikathibitisha kwamba wanaume waliodai kuwa wanawe walikuwa wanawe kweli. Walikuwa wazee wa zaidi ya miaka 70. Mtu aliyekumbuka mkono wa Levegh, gari la Collins na mchango wa wakulima wa viazi hakuwapa wanawe kisheria jina lake alipokuwa hai. Walilipata kutoka kwenye mifupa.

Hatusemi haya ili kumhukumu marehemu. Hukumu ina mwenyewe. Tunayasema kwa sababu yanatugusa. Inawezekana kuwa mnyenyekevu mbele ya umati, mwema kwa wenzako kazini, mkarimu kwa mji wako, na bado ukawa na mlango mmoja nyumbani usioufungua. Mseminari anayejiandaa kuhudumia watu wengi, na mzazi anayesifiwa parokiani, wote wanaweza kujiuliza ni nani aliye karibu nao kabisa ambaye bado anangoja.

Kwa Fangio tunajifunza kuyakumbuka madeni yetu na kuushika usukani tukijua wengine wamo safarini. Tunajifunza pia kushuka wakati ukifika, kama Yohane ambaye kwa sikukuu yake alizaliwa, aliyekubali kupungua. Na kwa deni lake lile la mwisho tunajifunza tusiwaachie watoto kazi ya kufukua kile ambacho tungeweza kuwapa kwa mikono yetu tukiwa hai.